Kila wingu ni "la mvua": utatuzi wa matatizo ya somo la mawingu nje ya darasa

Nilianza kufundisha mawingu kwa pamba. Niliinunua duka la dawa, nikaibandika kwa gundi kwenye kadibodi ya buluu: donge nono likawa kumulusi, tandiko jembamba likawa stratusi, nyuzi zilizovutwa zikawa sirusi. Watoto wa darasa la nne waliyakariri majina kwa wiki moja, na kwenye jaribio karibu wote walipata. Jumatatu iliyofuata nikawatoa uwanjani, nikamwuliza wa kwanza anaona nini huko juu. Akatazama, akanigeukia. "Pamba, mwalimu." Wa pili akasema la mvua. Wa tatu naye, la mvua. Siku hiyo halikuanguka hata tone.

Tangu hapo kila kinachoharibika nakiandika nyuma ya daftari langu la maandalio, na chini yake kilichonisaidia. Mimi niko upande wa Wete, Pemba. Ukiwa Makunduchi au Nungwi badilisha upande wa bahari na wa upepo, mengine ni yale yale. Nimeyapanga kama fundi baiskeli anavyouliza: inakulilia wapi? Tafuta panapolia, uanzie hapo. Huna haja ya kusoma yote.

Dalili: kila wingu ni "la mvua"

Hii ndiyo kubwa, na nyingi ya nyingine zinazaliwa nayo.

Mtoto wetu anakuja skuli na majina mawili tu, wingu na wingu la mvua, na nyumbani kwao hayo yanatosha. Karafuu ziko juu ya majamvi, nguo ziko kambani, dagaa wako juani. Mtu akiinua uso anauliza jambo moja, tuanue au tusianue. Ukimtoa nje na kumwuliza "hili ni wingu gani?" anakujibu swali la nyumbani. Hajakosea. Wewe ndiye uliyeuliza swali jingine bila kumwambia kama ni jingine.

Sababu ya pili ni sisi. Tunatoa jina kwanza, kisha tunamtaka mtoto atafute wingu la kulivisha. Akishalikamata jina, macho yanapumzika. Wangu walijua "kumulusi" kabla hawajawahi kulitazama kumulusi hata kwa dakika mbili mfululizo.

Ili ujue kama tatizo lako ni hili, wasimamishe watoto wawili wawili. Mmoja anatazama wingu, mwenzake amelipa mgongo, ana penseli na karatasi. Anayetazama aeleze bila kutaja jina lolote, mwenzake achore anachosikia. Kisha ageuke alinganishe. Kama mchoro ni donge la duara lisilofanana na kitu, mtoto wako hajaanza kuona, na kumwongezea majina hakutamsaidia.

Dawa yangu ni wiki mbili bila jina hata moja. Yanabaki maswali matatu. Kwanza, lina kingo kali kama limekatwa, au limefifia huna pa kulishikia? Pili, ni rundo, ni shuka, au ni nyuzi? Tatu, tumbo lake lina rangi gani? Mchezo wa kupeana mgongo tunaurudia kila siku, dakika tano, si zaidi.

Wiki ya kwanza nilipofanya hivi, mtoto mmoja aliyepata sifuri kwenye jaribio langu la pamba alimweleza mwenzake: "Juu limefura, lakini chini limenyooka, kama limekatwa kisu. Na yale mengine yote yamekatwa hapo hapo." Nilikuwa na miaka mitatu nafundisha kumulusi na sikuwahi kulisema hilo, na katika kadibodi yangu pamba ilikuwa imefura pande zote. Kumbe ndiyo alama yenyewe. Hewa yenye unyevu inapopanda inapoa, na ikifika kimo fulani mvuke unaanza kugeuka matone. Kimo hicho kwa siku hiyo ni karibu kimoja kwa eneo zima, kwa hiyo matumbo ya marundo yote yanalingana kama vikombe juu ya meza ya kioo.

Majina huja wiki ya tatu. Hapo huwasimulia kwamba majina haya nayo yana mwenyewe: Luke Howard, muuza dawa wa London, aliyesimama mwaka 1802 mbele ya wenzake akapendekeza maneno ya Kilatini, sirusi kwa nyuzi, kumulusi kwa rundo, stratusi kwa tandiko, na nimbusi kwa la mvua. Mwaka huo huo Lamarck wa Ufaransa alitoa majina yake kwa Kifaransa, na hayakushika. Kilatini kilikuwa hakina mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeona amelazimishwa lugha ya jirani. Leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina jamii kumi za mawingu, na zote zimejengwa kwa maneno hayo ya Howard, pamoja na "alto" iliyoongezwa baadaye kwa yale ya katikati.

Darasani mwangu kila jamii ina jina la Kilatini na jina la utani. Sirusi ni usumba, kwa sababu zinafanana na nyuzi za makumbi yaliyopigwa na kuchambuliwa. Utani wautunge wao. Wako wakisema manyoya ya kuku, sawa. Daftarini yaandikwe yote mawili, maana mtoto wa Tanga hajui usumba wenu ni upi.

Dalili: mmetoka nje na hakuna cha kutazama

Mara nyingi ni saa. Asubuhi ya kaskazi, saa moja na nusu, mbingu inaweza kuwa safi kama sahani iliyooshwa. Rudi saa nne: vijiwingu vimeanza. Rudi saa saba uone marundo yamejipanga juu ya kisiwa huku juu ya bahari hakuna kitu. Nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, na upepo wa bahari unaingia kuziba pengo ukiwa umebeba unyevu. Kisiwa kinajitengenezea mawingu yake mwenyewe. Watoto wa wavuvi wanajua hili kwa namna yao: ukiwa mbali baharini, lile rundo lililosimama peke yake ndipo kisiwa kilipo.

Kwa hiyo usichukue kipindi kizima cha dakika arubaini kwa siku moja. Kigawe vipande vya dakika tano tano. Skuli zenye mikondo miwili zina bahati ambayo hazijui. Mkondo wa asubuhi utazame saa tatu, uache daftari mezani. Mkondo wa mchana uchukue daftari lile lile, utazame saa tisa. Saa hizo sikuzichagua kwa kupenda: ni saa ambazo vituo vya hali ya hewa duniani kote vinatazama kwa pamoja, saa sita na saa kumi na mbili za saa ya kimataifa, ambazo kwetu ni saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Wachunguzi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa pale uwanja wa ndege nao wanainua nyuso dakika hizo hizo. Waambie watoto. Wanasimama wima kidogo.

Na kama kweli hakuna wingu, andikeni 0. Mtoto anaona ametoka bure. Mwambie sifuri ni jibu lililotazamwa, na daftari tupu ni jibu la aliyelala.

Dalili: wanabishana, hili ni dogo au kubwa?

Kuna mawingu matatu yanayojipanga kama vitu vilivyoanikwa, na hata mimi yalinitesa. Tofauti kubwa ya kuyatambua kwa macho ni ukubwa wa kila kipande, na "kubwa" ya Asha si "kubwa" ya Khamis. Dawa ni mkono. Nyoosha mkono wote mbele, kiwiko kisikunjwe.

Kipande kikifichika nyuma ya kidole kidogo, ni sirokumulusi. Sisi tunaita chenga za mchele.
Kikizidi kidole kidogo lakini kikafichika nyuma ya vidole vitatu vilivyobanwa pamoja, ni altokumulusi. Vitumbua.
Kikizidi vidole vitatu, ni stratokumulusi. Mikate ya mofa.

(Majina yote ni ya chakula. Kipindi chetu kilikuwa kabla ya mapumziko.)

Utaulizwa kama kidole cha mtoto si chembamba kuliko chako. Ni chembamba, lakini na mkono wake ni mfupi, kwa hiyo hesabu inakaribiana. Kinachoharibu si kidole. Ni watoto kupima mawingu ya pembeni, yaliyo karibu na upeo. Yale yako mbali, tunayaona kwa ubavu, yanaonekana madogo na yamebanana. Mofa zote zinageuka chenga. Sheria ni kupima yaliyo juu zaidi ya ngumi tatu kutoka kwenye upeo: weka ngumi juu ya upeo, nyingine juu yake, na ya tatu. Ngumi moja ni nyuzi kama kumi. Chini ya hapo hatupimi, tunatazama tu.

Kosa jingine ni kiwiko. Mtoto akikunja kiwiko, kidole kinakuwa karibu na jicho na kinafunika nusu ya mbingu. Pita ukiwanyoosha mikono.

Dalili: mbingu yote ni kijivu, na wote wameandika "stratusi"

Wakati wa masika hii utaipata kwa wiki nzima. Shuka ziko nne, na ukizitazama zenyewe huoni tofauti. Tazama jua linavyofanywa, na kivuli chako.

Kama una kivuli chini na jua liko kama taa ndani ya chandarua, hiyo ni sirostratusi. Tafuta na duara la mwanga kulizunguka jua. Likiwepo, jibu limekwisha: ni chembe za barafu zinapinda mwanga, na duara hilo huwa mbali na jua kwa kiasi cha shubiri moja ya mkono ulionyooshwa. Lakini msilitazame uwanjani. Simameni kwenye kivuli cha jengo mpaka pembe ya paa ilifiche jua lenyewe, ndipo mtafute duara linalobaki nje ya paa.

Kama kivuli hakipo, lakini unajua jua liko wapi, kama tochi iliyofunikwa kwa kanga, ni altostratusi.

Kama hujui hata jua liko upande gani, na mvua inanyesha mfululizo bila haraka, ile ya kutwa, ni nimbostratusi. Kama iko chini kabisa, imekaa juu ya vichwa vya minazi na inatoa manyunyu tu, hiyo ndiyo stratusi yenyewe. Ikigusa ardhi tunaiita ukungu, ingawa ni kitu kile kile. Aliyewahi kupita bondeni alfajiri ya kipupwe ameshatembea ndani ya wingu, na darasani huwa nao wawili watatu wa hivyo. Waache wasimulie.

Dalili: kubwa ndilo lililo juu

Uliza lipi liko juu zaidi, rundo kubwa jeupe au nyuzi nyembamba. Karibu darasa zima litachagua rundo. Sisi hatuna mlima wa kupimia, na mtoto anahesabu kwamba kilicho kikubwa ndicho kikuu, na kikuu kinakaa juu.

Mwendo ndio unaonyesha. Walaze penye tawi au nguzo kama alama, watazame wingu lipi linaipita nguzo upesi. La chini linapita mbio, la juu linaonekana limeganda ingawa huko liliko lina upepo mkali kuliko wetu, kama vile boti ya karibu inavyokupita upesi na meli ya mbali ikaonekana imetia nanga. Ukipata siku ya kusi ambapo marundo ya chini yanatoka kusini na nyuzi za juu zinakwenda kwao kwingine, wewe una bahati: mara moja wanaona kuwa mbingu si dari moja bali ina ghorofa.

Kisha wape nambari, lakini zilaze chini. Tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo mvuke unaanza kugeuka matone), ambacho programu nyingi za hali ya hewa za simu zinakionyesha, zidisha kwa mita 125. Unapata kwa makisio kimo cha tumbo la kumulusi. Joto nyuzi 30 na umande nyuzi 24, tofauti 6, mita 750. Darasa langu liliutembea umbali huo kutoka mlango wa skuli, na waligutuka kwamba wingu liko karibu kuliko kwa kina fulani. Sirusi kwa nchi zetu za joto huwa kati ya kilomita 6 na 18. Kilele cha kumulonimbusi, wingu la ngurumo, kinaweza kupita kilomita 15, ambayo ukiilaza barabarani ni nusu ya njia ya Wete kwenda Chake au zaidi. Na wingu zima hilo limesimama wima.

Dalili: huyu ameandika 3, huyu 7, na mbingu ni ile ile

Kiasi cha mawingu kinapimwa kwa sehemu nane. Nilipojaribu kwa asilimia ikawa hesabu. Nilipoleta mkate wa kumimina ikawa rahisi. Mkate mzima ni mbingu yote, ukate nusu, robo, kisha vipande vinane. Sasa yakusanye mawingu yote kichwani uyasukume upande mmoja wa sinia: yanajaza vipande vingapi?

Wakitofautiana kwa kimoja, usijisumbue, hata wazoefu hutofautiana. Wakitofautiana kwa vinne, tazama wanakotazama. Aliyeandika 7 amekazia macho upeoni, ambako mawingu yanapandana na mapengo hayaonekani. Aliyeandika 3 ametazama utosini tu. Wagawe makundi manne waliopeana migongo, kila kundi robo yake ya mbingu. Kila kundi liseme robo yake imejaa vipande vingapi kati ya viwili. Jumlisha. Darasa la watoto sitini linafanya kazi hii vizuri kuliko darasa la kumi na tano, na hilo ni jambo moja kati ya machache ninayoweza kusema hivyo.

Kuna na 9. Watoto hawaamini: mkate una vipande vinane, cha tisa kimetoka wapi? Wachunguzi huandika 9 pale mbingu isipoonekana kabisa, kwa ukungu mzito au mvua ya kupofusha. Si kipande, ni namna ya kusema nimetoka na sikuona.

Dalili: vurugu, ushungi mchafu, na macho yanayouma

Kulala chali ndiyo njia bora ya kutazama mbingu, na ndiyo iliyoniletea mama watatu mlangoni kwa siku moja. Ushungi mweupe na vumbi jekundu la Pemba havipatani. Sasa tuna majamvi mawili ya kuukuu na wanalala kwa zamu. Wengine wanaegemea ukuta.

Jua: siku zote migongo kwa jua, tutazame upande wa pili. Usitumie kioo wala beseni la maji kama jua linaingia humo, linapiga jicho vile vile. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua letu la saa sita na ushei liko utosini hasa, hakuna upande wa kulipa mgongo. Siku hizo saa sita msitoke.

Na usifanye somo chini ya mwembe kwa ajili ya kivuli. Utafundisha majani.

Dalili: mtoto ameuliza, nawe umekwama

"Mawingu ni moshi?" Si moshi, wala si mvuke. Mvuke hauonekani. Tazama birika la chai linapochemka: pale mdomoni kabisa pana nafasi tupu, ndipo mbele kidogo panapotokea weupe. Ile nafasi tupu ndiyo mvuke. Weupe ni matone tayari. Wingu ni matone hayo, na huko juu sana ni chembe za barafu.

"Mbona haliangukii chini?" Swali zuri, kwa sababu wingu ni zito. Kwenye kila mita moja ya ujazo ya rundo la kawaida mna maji kama nusu gramu. Rundo lenye upana, urefu na kimo cha kilomita moja linabeba kama tani 500. Lakini limegawanyika katika matone madogo mno, upana wake kama sehemu ya hamsini ya milimita, na hewa inayopanda inatosha kuyashikilia. Inahitajika kama milioni moja ya matone hayo kutengeneza tone moja la mvua la milimita mbili.

"Chuoni tumeambiwa Mwenyezi Mungu ndiye anayeyasukuma." Mwenzangu mmoja kijana alianza kubishana na mtoto juu ya hili, nikamwita pembeni. Hakuna cha kubishania. Mimi hujibu: ndiyo, na sisi leo tunaandika yanasukumwa kutoka upande gani. Wanageuka, wanatafuta kusi.

Dalili: tulisema itanyesha, na haikunyesha

Hili linavunja darasa. Watoto wametabiri, wameenda nyumbani wamesema, watu wameanua karafuu, jua limewaka mpaka magharibi. Kesho yake mtoto anakuambia, "Mwalimu, baba kasema mawingu yako ya uongo."

Kosa ni letu, tumelifundisha wingu kama ramli. Kumulusi lenye tumbo jeusi lina mvua pengine, lakini mvua ya marundo ni ya mahali: Konde inanyesha, Chake wanaanika. Hata mambo makubwa yana mipaka yao. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikapona, na tangu hapo kisiwa cha karafuu kikawa hiki chetu. Nikiwasimulia hilo hawaniulizi tena kwa nini mvua imenyesha kwa jirani.

Badilisha swali. Badala ya "itanyesha?" uliza "limebadilika vipi tangu saa tatu?" Rundo lililobaki pana na fupi mpaka saa tisa, kwa kawaida ni la hali njema. Lililokuwa likirefuka kwenda juu kuliko linavyotanuka, mpaka kichwa kikaanza kupoteza kingo zake na kutawanyika kama uyoga, hilo limefika kwenye barafu na ni kumulonimbusi. Jioni nyingine ukisimama upande wetu ukatazama magharibi, kuelekea Tanga, unaona vichwa vya namna hiyo tu, matumbo yake yamezama chini ya upeo. Watoto wanapenda kujua kwamba wanatazama mvua ya watu wengine.

Utabiri wenyewe tunauchukua kwenye redio, wa Mamlaka, na kuubandika kando ya yale tuliyoyaona. Tangu tulipoacha kutabiri, hakuna baba aliyelalamika.

Dalili: ngurumo

Hapa hakuna uchunguzi. Mkiona umeme, hesabuni sekunde mpaka ngurumo. Kila tatu ni kilomita moja. Chini ya thelathini, wote ndani, na msitoke mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Si chini ya mnazi, si chini ya mwembe, si kwenye banda la wazi.

Dalili: mtoto ameandika "sijui, linabadilika"

Nilikuwa naliwekea alama ya kosa. Saa tisa za kipupwe marundo ya mchana huanza kulegea, yanatanuka kwa pembeni, yanagusana, na kwa muda si kumulusi tena wala hayajawa stratokumulusi. Mtoto aliyeandika hivyo amesimama pale dakika tano nzima na ameona kitu ambacho mwenye kuandika jina moja hakukiona. Sasa namwekea vema, kisha namwuliza linabadilika kutoka nini kwenda nini. Akinijibu kwa vitumbua na mofa, napokea.